Giaboksi ya Spacio imekufa, au imeishiwa oili tu?

SWALI

Mbukwenyi fundi. Nina Toyota Corolla Spacio ya mwaka 2002, injini ya 1NZ, imetembea kilomita 214,000. Ndiyo gari la nyumba nzima: shule, kazini Mtumba, sokoni, na mwisho wa mwezi kwa wazazi Kondoa. Tangu Agosti nikiweka D asubuhi gari linatulia kwanza, halafu linashtuka ndipo linaondoka. Rivasi ni mbaya zaidi. Mwezi wa tisa tukitoka Morogoro, kabla hatujafika Gairo, injini ikawa inapiga kelele lakini gari halivuti. Tulipumzika kama nusu saa, likaja vizuri mpaka nyumbani.

Fundi wa kwanza aliongeza lita moja ya haidroliki (oili ya giaboksi) bila kupima. Gari likawa sawa kwa wiki tatu, sasa limerudia. Fundi wa pili alichomoa stiki ya kupimia oili gari likiwa limezimwa, akasema oili imejaa tele, kwa hiyo giaboksi imekufa, ninunue ya mtumba kwa milioni 1.6 pamoja na ufundi. Kuna kijana anataka kulinunua hivyo hivyo kwa milioni 4, wakati mengine ya aina hii yaliyo mazima yanauzwa milioni 7 na nusu. Nitengeneze, nibadilishe au niuze? Na Desemba tuna harusi Kondoa, naweza kwenda nalo? Niongeze kwamba mwanzoni mwa mwaka rejeta ilivuja, nikawa naongeza maji ya bomba mpaka ilipozibwa.

Mama Wawili, Kisasa, Dodoma

JIBU

Mbukwenyi, Mama Wawili. Usiuze, usinunue giaboksi, na usiruhusu mtu kuongeza hata kikombe kimoja cha oili kabla hujafika mwisho wa maelezo haya.

Kuna jambo umelisema kama la kupita tu, nami naona ndilo kubwa kuliko yote: uliongezewa lita moja, gari likawa sawa wiki tatu, likarudia. Giaboksi iliyokwisha klachi plati, zile sahani za ndani zinazoshika gia, haifufuki kwa lita moja. Inaweza kukudanganya siku mbili, lakini si wiki tatu za kupeleka watoto shule na kwenda Mtumba kila siku. Sasa jiulize: ile lita imekwenda wapi? Injini ikipunguza oili tunaweza kusema imeichoma. Giaboksi haina moto ndani, haichomi kitu. Oili ikipungua, imetoka. Hao mafundi wawili hakuna aliyeuliza inatokea wapi, na hapo ndipo kazi ilipaswa kuanzia.

Tuje kwenye ile stiki. Oili ya giaboksi ya gari lako hupimwa injini ikiwa inaunguruma na ikiwa ya moto. Injini ikizimwa, pampu inasimama, na oili iliyokuwa juu kwenye mifereji na kwenye toki konveta (kiungo cha injini na giaboksi) inashuka taratibu kwenye sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi. Hapo stiki itakuonyesha oili nyingi hata kama imepungua. Kwa hiyo aliyesema "imejaa tele" alikuwa anasoma oili iliyolala. Namwelewa kwa nini kakosea: oili ya injini tunaipima gari likiwa limezimwa, na hata giaboksi za Honda hupimwa mara tu baada ya kuzima. Lakini Spacio si Honda, na milioni 1.6 si pesa ya kutoa kwa sababu ya mazoea ya mtu.

Pima hivi, wewe mwenyewe, huhitaji fundi. Endesha gari kama dakika 20, kutoka Kisasa mpaka Ihumwa na kurudi inatosha. Simama mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, acha injini ikiunguruma. Kanyaga breki ya mguu, pitisha liva kutoka P mpaka L ukituama sekunde mbili tatu kila sehemu, kisha rudi P. Bila kuzima, fungua boneti, chomoa stiki ya giaboksi, ifute kwa kitambaa kisichoachia nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Stiki ina alama za COOL na za HOT. Wewe soma HOT, oili inatakiwa iwe kati ya zile alama mbili. Uwe na karatasi nyeupe ya chooni, dondoshea matone mawili na uiweke kwenye mwanga. Kiasi kilichopo na rangi utakayoiona vitatueleza mengi kuliko mashine ya kompyuta.

Ili tuelewane kwa nini kiasi cha oili kinasumbua hivyo, nikueleze kidogo kinachofanyika humo ndani. Chukua sufuria ya uji wa uwele yenye miiko miwili. Koroga kwa mmoja. Uji ukianza kuzunguka, mwiko wa pili nao unaanza kuzunguka bila wewe kuugusa. Toki konveta ni hiyo sufuria: upande mmoja unazungushwa na injini, upande mwingine unazungushwa na oili na kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Sasa mtu aushike ule mwiko wa pili usizunguke, nawe uendelee kukoroga. Nguvu yako haipotei, inabaki kwenye uji na kuwa joto. Mlima ndio huyo mtu anayeshika mwiko. Kwenye tambarare, ukifika mwendo wa kawaida, toki konveta hujifunga na kwenda kama kitu kimoja, joto linapungua. Kwenye kupanda hufunguka, na oili huanza kupikwa.

Baada ya hapo kuna pampu inayozungushwa na injini. Inanyonya oili kwenye sampo kupitia filta na kuisukuma kwa presha kwenye klachi plati, ambazo ni sahani nyembamba zilizobandikwa kitu kama karatasi ngumu. Presha ikiwepo zinabanwa, gia inashika. Presha ikikosekana zinasuguana bila kushikana, mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini) unapanda na gari limebaki pale pale. Kwa hiyo oili hii inapoza, inalainisha, na ndiyo mkono unaokamata gia. Ikipungua, pampu inaanza kunyonya hewa. Hewa inabonyea kama puto, hivyo presha haipatikani.

Rudi sasa kwenye safari yako. Kutoka Dumila barabara inapanda mpaka Gairo. Gari limejaa watu na mizigo, mchana wa mwezi wa tisa, toki konveta imefunguka, oili imepata moto na kuwa nyepesi kama maji. Juu ya hayo gari limeinama kwa nyuma, oili kidogo iliyomo imehamia upande mmoja wa sampo na filta imebaki inanyonya hewa. Halivuti. Mmekaa nusu saa, oili imepoa na kushuka, limeendelea. Maelezo yako yanafanana neno kwa neno na ya gari lenye oili pungufu. Yanafanana pia na gari ambalo klachi zake zimeanza kuisha, siwezi kukuficha. Ile lita moja ndiyo inayonifanya nielemee upande wa oili.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kumpigia fundi: yule wa kwanza aliongeza bila kupima. Oili ikizidi nayo ni ugonjwa. Gia zinaichapa inakuwa povu, povu ni hewa, na unarudi kule kule kwenye kuteleza. Ukikuta imepita alama ya juu ya HOT, ipunguzwe kwanza.

Sasa tuitafute iliyopotea. Kama unaegesha kwenye udongo, kama nyua nyingi za kwetu, usitegemee kuona doa. Vumbi la Dodoma linakunywa oili yote na asubuhi hakuna ushahidi. Tandaza katoni chini ya injini, zile kubwa za friji, uegeshe juu yake usiku kucha. Doa jekundu au la kahawia upande wa magurudumu ya mbele linaelekeza kwenye sili za draivu shafti, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Doa katikati chini ni gasketi ya sampo, hasa kama sampo iliwahi kufunguliwa na kufungwa kwa silikoni nyingi isiyo na mpango. Doa kwa mbele, karibu na rejeta, ni hozi za kupoza oili, ambazo zikifika miaka 20 mpira wake unakuwa mgumu na kupasuka pale penye kleme. Doa linalodondoka pale giaboksi inapokutana na injini ni sili ya pampu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu lazima giaboksi ishushwe. Sili yenyewe ni bei ndogo, unacholipia ni ufundi. Zote hizo ni kazi za kawaida katika gereji yoyote inayojiheshimu hapa mjini.

Katoni ikiwa safi, ndipo naanza kuogopa, na ndipo linapoingia lile suala la rejeta yako.

Wengi hawajui kwamba oili ya giaboksi ya gari kama lako inakwenda kupozwa ndani ya rejeta. Ndani ya tangi la chini kuna bomba dogo, oili inapita ndani yake, maji ya rejeta yanapita nje yake. Hakuna kinachovitenganisha ila ukuta mwembamba wa chuma. Sasa angalia birika lako la chai nyumbani. Ule ukoko mweupe unaoukwangua kila mwezi ndio maji yetu: mengi yanatoka visimani, bonde la Makutupora, na yana chumvichumvi. Kile kinachofanyika kwenye birika kinafanyika kwenye rejeta pia, tena kwa joto kubwa na kwa miezi mingi. Kwanza ukoko unaziba njia, upoaji unapungua, oili ya giaboksi inaanza kuishi kwenye joto lisilo lake. Watu wa fani hukadiria kwamba oili hii ikishapita nyuzijoto 80 hivi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinapunguza umri wake kwa nusu. Pili, maji matupu yasiyo na kulanti (kimiminika maalumu cha rejeta) hayana dawa ya kuzuia kutu, na kutu haina haraka, ila inafika. Siku ule ukuta ukitoboka, oili inaingia kwenye maji injini ikiwa inatembea, na ikizimwa maji yanaingia kwenye oili.

Kwa hiyo fungua mfuniko wa rejeta. Gari liwe limepoa kabisa, tafadhali, nimeshawahi kumpeleka kijana wangu hospitali na uso umevimba kwa haraka ya dakika kumi. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, au uchafu wa pinki kama krimu kwenye shingo ya rejeta, umepata jibu la ile lita.

Turudi kwenye karatasi yako ya chooni. Oili mpya ni nyekundu, inaangaza kama juisi ya rozela. Ikizeeka kistaarabu inakuwa kama chai ya rangi, na kwa gari la umri huo sitashtuka. Ikiwa nyeusi kama kahawa, ina chembechembe, na inanuka kama ugali ulioshika sufuria, klachi plati zimeungua na hakuna oili mpya itakayozirudishia ngozi. Ikiwa kama maziwa yaliyochanganywa na rozela, imeingia maji. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonipa huzuni, kwa sababu gari linaweza kuwa bado linatembea vizuri, mwenye gari anabadilisha oili mara mbili tatu, rangi inarudi, anashangilia. Lakini ile karatasi iliyobandikwa kwenye klachi imeshakunywa maji, gundi yake inaachia polepole. Mimi gari la namna hiyo siliamini tena mpaka giaboksi ifunguliwe au ibadilishwe, na rejeta nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo, siyo wiki ijayo.

Ukiona rangi ya rozela au chai, pamoja na kiasi pungufu, tengeneza panapovuja kisha ubadilishe oili. Gari lako linatumia iliyoandikwa Type T-IV. Usikubali kuambiwa "haidroliki zote ni nyekundu". Damu zote pia ni nyekundu, na bado hospitali wanapima kundi. Sampo ifunguliwe, filta ibadilishwe au angalau isafishwe, gasketi iwe mpya. Waombe wakuonyeshe sumaku zilizomo ndani ya sampo. Ute wa kijivu kama masizi laini ni uchakavu wa kawaida wa miaka yote hiyo. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Oili itakayotoka haitafika hata nusu ya yote, kama lita 3 hivi, kwa sababu nyingine inabaki kwenye toki konveta. Usiruhusu isukumwe kwa mashine ya presha kwenye giaboksi ya umri huu. Endesha kilomita 500 au 1,000, mwaga tena, jaza tena. Ukifanya mara tatu, zaidi ya robo tatu ya oili yote itakuwa mpya, na uchafu utakuwa umetoka bila kukurupushwa.

Utasikia pia ile hadithi ya vijiweni kwamba oili ya zamani ndiyo iliyoshikilia giaboksi, ukiibadilisha tu inakufa. Ina ukweli kidogo. Mtu anakaa miaka 10 bila kubadilisha, giaboksi inaanza kuteleza, ndipo anakimbilia kubadilisha oili, wiki mbili baadaye imekufa. Lawama inakwenda kwa oili mpya, wakati mgonjwa alishafika mlangoni akiwa mahututi. Wewe una nafasi nzuri kuliko huyo, kwa kuwa gari lako bado linapona likipewa oili.

Jaribio lingine dogo linaweza kukupa picha kabla na baada ya matengenezo. Gari likiwa limepata moto, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki, toa N uweke D na uhesabu muda mpaka usikie ule mshtuko mdogo wa gia kushika. Kwa Toyota za namna hii kipimo cha kiwandani ni chini ya sekunde 1.2 kwa D, na chini ya 1.5 kwa rivasi. Rudia mara tatu, ukipumzisha dakika moja kati ya jaribio na jaribio, na uandike. Rivasi yako kuwa mbaya zaidi haimaanishi lazima kuna kitu kimevunjika, kwa kawaida inataka presha kubwa kuliko D, hivyo ndiyo inayoanza kulalamika. Na nikuambie ukweli, mpira wa sili za ndani uliokaa zaidi ya miaka 20 umekakamaa. Hata baada ya kazi nzuri, asubuhi zetu za baridi za Juni na Julai unaweza kubaki na kuchelewa kidogo. Mimi ningeishi nako.

Sasa nikueleze kwa nini ninasisitiza vipimo namna hii. Miaka ya nyuma, nikiwa bado na kiburi cha ujana, nililetewa gari dogo la familia lililokuwa linagoma kupanda gia ya nne. Nikamwambia mzee mwenye gari giaboksi imekwisha. Akaniamini, akauza mbuzi, tukaleta giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, nikaifunga kwa siku mbili. Gia ya nne haikuingia. Nikasema tumeuziwa mbovu, tukagombana na muuzaji, akatupa nyingine. Haikuingia. Ndipo nikakaa chini na kutafuta kwa akili, nikakuta kuna fundi aliyewahi kutoa thamostati kwenye injini, yaani kile kidude kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, kama tunavyopenda kufanya huku kwa kuogopa gari kuchemsha. Injini ilikuwa haifikii joto lake, na kompyuta ya magari mengi hairuhusi gia ya juu wala toki konveta kujifunga kama injini bado ni baridi. Ugonjwa ulikuwa thamostati. Ile giaboksi yake ya kwanza, nzima kabisa, nilikuwa nimeshaiacha kwenye chuma chakavu. Nilimrudishia mzee pesa ya ufundi, lakini mbuzi hawakurudi.

Muulize fundi wako kama thamostati yako ipo. Pima na betri, umeme dhaifu unaweza kuichanganya kompyuta. Na kama taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe kwenye dashibodi, kompyuta imeona hitilafu na imehifadhi namba yake, isomwe kwa mashine inayoingia kwenye sehemu ya giaboksi. Vile vidude vidogo vya kuunganisha na simu mara nyingi vinasoma injini tu.

Tuseme vipimo vimetoka vibaya: oili ni kahawa, inanuka, sampo ina vipande. Hapo fundi wa pili atakuwa alipatia jibu kwa njia isiyo sahihi, nawe utakuwa na njia mbili. Kuifanyia ovahoo, yaani kuifungua, kubadilisha klachi plati na sili zote, au kuweka ya mtumba. (Najua wewe Mtumba unakwenda kila siku kazini, lakini hiyo giaboksi haipatikani kule.) Ovahoo nzuri inadumu kuliko mtumba, kama aliyeifanya anaijua kazi na vifaa vyake ni vya kweli. Shida ni kwamba giaboksi ya oto ina vipande vidogo mamia, inataka meza safi na mtu mtulivu, na gereji nyingi zetu ziko chini ya mti, upepo wa Oktoba unamwaga mchanga kwenye kila kitu. Kwa Spacio, ambayo spea zake za mtumba bado zimejaa nchini, mimi ningechagua mtumba, kwa masharti.

Kwanza namba. Kwenye gari lako kuna kibati cha utambulisho, kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, chenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Nakili herufi na namba zote za mstari huo, pamoja na zile ndogo za mwisho, na giaboksi itakayoletwa ifanane. "Hii ni ya Spacio pia" siyo namba. Pili, sampo ya hiyo ya mtumba ifunguliwe mbele yako kabla hujalipa, uangalie rangi na sumaku kama nilivyokueleza. Muuzaji anayekataa, mshukuru na uondoke. Siku hizi treni ya SGR imerahisisha, unatoka Dodoma asubuhi na saa za kazi unazipata Kariakoo na Gerezani ukiwa na fundi wako, hivyo huna sababu ya kununua kitu kwa picha ya simu. Tatu, risiti iwe na maandishi ya muda wa kurudisha ikishafungwa na kujaribiwa. Nne, na hili ndilo linaloua giaboksi nyingi za mtumba ndani ya mwezi mmoja: bomba na hozi za kupoza zisafishwe kabisa kabla ya kufunga. Uchafu wa klachi zilizoungua umebaki humo, usipotolewa unakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi mpya. Kwa rejeta yako iliyokunywa maji ya bomba miezi kadhaa, mimi nisingesafisha, ningebadilisha. Mwisho, wakati wa kufunga, toki konveta lazima ikae mpaka ndani kabisa kwenye pampu kabla boliti hazijakazwa. Isipokaa, ukikaza unaivunja pampu, na gari litawaka na lisiende popote.

Suala la kuuza ni hesabu tu. Kwa namba zako mwenyewe, likiwa bovu milioni 4, likiwa zima 7 na nusu. Tofauti ni milioni 3 na nusu. Hata ukilipa hiyo 1.6 yote, ukaongeza rejeta na kulanti, bado unabaki na faida nzuri kuliko kumpa yule kijana leo. Na kama ugonjwa ni sili ya draivu shafti, ukiuza sasa utakuwa umempa zawadi ya milioni tatu. Nisingekushauri hivi kama injini nayo ingekuwa inakula oili na bodi imeoza, ila hujasema hivyo, na Spacio haifahamiki kwa kuoza huku kwetu kwenye ukame. Ukiamua kuuza baadaye, mwambie mnunuzi kilichofanyika na umpe risiti.

Wasomaji wengine wenye magari ya CVT, kama Nissan nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 na baadhi ya Noah na Premio, msichukue maelezo yangu ya oili. Zile hazina gia za kupanda na kushuka, zina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili yake ni tofauti kabisa. Type T-IV kwenye CVT ni kuiua.

Kwa sasa, Mama Wawili, mpaka vipimo viishe, tumia gari kwa shule na kazini tu. Simama kabisa kabla ya kubadili D kwenda R. Usilishikilie gari mlimani kwa mafuta, tumia breki. Likianza kuteleza, egesha, weka P, acha injini iungurume dakika kadhaa ili pampu iendelee kuzungusha oili kwenye rejeta, isipokuwa kama mshale wa joto la injini umepanda, hapo zima. Na likigoma kabisa, ita brekidauni inyanyue magurudumu ya mbele. Usikubali kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu: injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, lakini magurudumu yanazungusha gia kavu ndani, na unaweza kufika gereji na ugonjwa wa pili.

Kuhusu harusi, Kondoa ni kilomita kama 160. Ukishaziba panapovuja, ukabadilisha oili mara ya kwanza, na katoni ikakaa safi wiki mbili mfululizo huku stiki ikisoma pale pale, nenda nalo, ukiwa na lita moja ya T-IV kwenye buti. Oili ikiwa kahawa au maziwa, pandeni basi.